Kijana, karatasi haiulizi bajeti

KILA mtaa una kijana mmoja mwenye filamu kichwani. Ukimpa dakika tano atakusimulia yote: mwanzo, vita, usaliti, hadi wimbo utakaochezwa mwishoni. Ukimuuliza ataanza lini kuitengeneza, anakuambia anangoja. Anangoja kamera. Anangoja prodyuza. Anangoja yule msee aliyesema anajua mtu fulani kwenye televisheni. Miaka inapita, stori inabaki kichwani, na siku moja unamkuta ameshaiacha huku akilalamika kwamba sanaa ya Kenya haina pesa.

Pengine kijana huyo ni wewe. Kama ni wewe, makala haya ni yako. Ninachotaka kukuambia ni kifupi: acha kungoja, iandike hiyo stori kama riwaya. Filamu si mbaya, na sikuambii uache kuzitazama. Lakini karatasi ndiyo studio pekee ambayo haikuulizi una pesa ngapi mfukoni. Na mfano wangu ni mzee mmoja wa Marekani anayependa sinema kuliko wengi wetu.

Mzee huyo ni George R.R. Martin. Kama uliwahi kukesha na bando la kuazima ukitazama Game of Thrones, basi kazi yake unaijua. Majoka, viti vya enzi, harusi zinazoishia kwa damu, yote yalitoka kichwani mwake, na yalikuwa kwenye vitabu miaka mingi kabla ya HBO kuyaonyesha kuanzia Aprili 2011.

Mapenzi yake kwa sinema si ya mdomo tu. Mji anaoishi, Santa Fe katika jimbo la New Mexico, ulikuwa na jumba dogo la sinema lenye skrini moja, Jean Cocteau Cinema. Lilifungwa mwaka 2006. Mwaka 2013 Martin alilinunua na kulifungua tena. Mwingine akipata pesa za televisheni hukimbilia magari. Yeye alinunua mahali ambapo majirani zake wangekaa gizani pamoja wakitazama picha. Jina la jumba hilo ni la Mfaransa mmoja, mshairi na mwelekezi wa filamu, ambaye mwaka 1946 alitoa filamu ya ile hadithi ya msichana mrembo na mnyama. Shika hapo, hadithi hiyo tutakutana nayo tena.

Ukimuuliza Martin filamu ya sayansi ya kubuni anayoipenda zaidi, atakutajia Forbidden Planet ya mwaka 1956. Filamu hiyo ilichukua mengi kutoka kwa The Tempest ya Shakespeare, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kama Tufani katika tafsiri ya S. Mushi ya mwaka 1969. Kisiwa cha mchawi kiligeuka sayari, na mtumishi wa mchawi akageuka roboti. Ona jinsi stori inavyosafiri: kutoka jukwaani hadi kwenye skrini, kutoka skrini hadi kwa mtoto aliyekaa gizani mdomo wazi, na baadaye kutoka kwa mtoto huyo hadi kwenye kitabu.

Na mtoto huyo hakuwa wa matajiri. Martin alizaliwa mwaka 1948 huko Bayonne, New Jersey. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa bandarini, wa kupakia na kupakua meli. Familia haikuwa na gari. Yeye mwenyewe husema ulimwengu wake wa utotoni ulikuwa na urefu wa mitaa mitano, kutoka nyumbani hadi shuleni. Usiku alitazama taa za upande wa pili wa maji, Staten Island, na meli zikipita kuelekea nchi ambazo hangeweza kufika. Kijana wa Likoni anayetazama meli zikiingia Kilindini anaijua hiyo hali. Unaona dunia inapita mbele yako na wewe huna nauli.

Alifanya nini? Aliwaandikia watoto wa mtaani hadithi za mazimwi, akawauzia kwa senti chache, na kuzisoma kwa sauti ilikuwa ndani ya bei. Nyumba waliyoishi haikuruhusu mbwa wala paka, kwa hivyo alifuga kobe wadogo ndani ya ngome ya kuchezea. Kobe walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Badala ya kulia, akaamua kwamba wanauana kwa njama, wakigombea ufalme. Ebu fikiria. Hakuwa na kamera, hakuwa na waigizaji, alikuwa na kobe wanaokufa. Na hapo ndipo penye mbegu ya hadithi ambayo dunia nzima ingeitazama baadaye.

Sasa tuje kwenye maisha ya uandishi, kwa sababu vijana wengi wanadhani mwandishi huamka saa nne, hunywa kahawa dirishani, na kitabu hujiandika.

Martin alisomea uanahabari Chuo Kikuu cha Northwestern. Hadithi fupi yake ya kwanza kununuliwa ilichapishwa mwaka 1971. Je, aliacha kila kitu akawa msanii? La. Miaka ya sabini alikuwa akiendesha mashindano ya chesi wikendi. Jumamosi na Jumapili anasimamia wachezaji, siku nyingine za wiki anaandika, na kodi ya nyumba inalipwa. Baadaye akafundisha chuoni katika mji wa Dubuque, jimbo la Iowa. Ukiwa unauza mitumba Gikomba, unaendesha bodaboda, au unaandika ripoti za ofisi ya mtu, usijione umekosea njia ya uandishi. Kazi inayokulipia chumba na kukuachia siku chache za kuandika ni rafiki wa mwandishi, si adui wake.

Halafu akaanguka. Mwaka 1983 alitoa riwaya iitwayo The Armageddon Rag, kuhusu muziki wa roki na mauaji. Haikuuza. Ilimharibia soko kiasi kwamba mlango wa riwaya ukawa kama umefungwa. Lakini wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Prodyuza mmoja wa Hollywood, Philip DeGuere, aliipenda riwaya hiyo iliyokataliwa na soko na akataka kuifanya filamu. Filamu yenyewe haikutengenezwa. Ila DeGuere alipopewa kazi ya kufufua kipindi cha The Twilight Zone katikati ya miaka ya themanini, alimkumbuka yule mwandishi akamwita. Kitabu kilichoanguka ndicho kilichomfungulia mlango wa televisheni. Kama angekuwa na wazo tu kichwani, bila kitabu, DeGuere angempendea nini?

Hapa sasa ndipo penye kisa ninachotaka ukibebe.

Martin aliandika muswada wa The Twilight Zone kutokana na hadithi ya rafiki yake, mwandishi Roger Zelazny, kuhusu shujaa wa mwisho wa enzi za Mfalme Arthur. Kwenye muswada wake, mashujaa wenye mavazi ya chuma wangepigana juu ya farasi, katikati ya yale mawe makubwa ya kale ya Uingereza, Stonehenge. Watu wa hesabu wakamwambia: bwana, unaweza kupata farasi, au unaweza kupata mawe. Vyote viwili hatuwezi. Alimpigia Zelazny simu, akamuuliza achague nini. Zelazny akachagua mawe. Kwa hivyo mashujaa wakapigana kwa miguu.

Cheka kidogo, kisha ufikirie. Hii ilikuwa Hollywood, si River Road. Ilikuwa televisheni ya taifa tajiri kuliko yote. Na bado mtu alikaa mezani akamnyang'anya mwandishi farasi.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake kwa miaka. Baada ya hapo alihamia Beauty and the Beast, tamthilia ya televisheni ya mwaka 1987 hadi 1990 iliyotokana na hadithi ileile ambayo Cocteau aliitengenezea filamu. Huko alikuwa mwandishi na prodyuza pia. Amesimulia mara nyingi kwamba kila alipopeleka muswada wa kwanza aliambiwa vilevile: George, ni mzuri, lakini ni mrefu mno na ni ghali mno. Punguza wahusika. Punguza vita. Jeshi la watu elfu kumi lifanye liwe watu wawili wanaogombana chumbani. Aliandika pia kipindi cha majaribio kiitwacho Doorways. Kikarekodiwa, halafu kituo kikakataa kukiendeleza. Kazi ya muda mrefu ikaishia kwenye kabati.

Mwaka 1991 alirudi kwenye riwaya. Siku moja akajiwa na taswira ya watoto wa mbwa-mwitu wanaopatikana kwenye theluji kando ya mama yao aliyekufa. Akaiandika. Ikawa mwanzo wa A Game of Thrones, kilichochapishwa mwaka 1996. Na safari hii akaamua kwamba hataki kusikia neno bajeti tena. Akaweka wahusika wengi kupindukia. Akaweka ngome kubwa, majeshi, majoka, ukuta wa barafu unaopasua nchi. Aliandika kitabu ambacho aliamini hakiwezi kutengenezwa filamu.

Sikiliza kinaya cha maisha. Kitabu alichokiandika akiwa ameachana na kamera ndicho kamera zilichokifuata mbio. HBO wakakifanya tamthilia ya misimu minane na vipindi 73, kuanzia 2011 hadi Mei 2019. Kazi zote alizozipunguza ili zitoshee bajeti, ni wangapi kati yetu wanazikumbuka? Ile aliyokataa kuipunguza ndiyo iliyomfikisha hadi kwenye simu za vijana wa Umoja na Nyali.

Na hata HBO, pamoja na mifuko yao mizito, hawakuweza kubeba yote. Kwenye kitabu cha kwanza, Tyrion anapigana vita kali kando ya mto. Kwenye msimu wa kwanza wa televisheni, anagongwa kichwani kabla vita havijaanza, anazirai, na akiamka vita vimekwisha. Unajua kwa nini? Vita ni ghali. Kwenye kitabu cha pili kuna mnyororo mkubwa sana uliotegwa mtoni ili kuzifungia meli za adui zisitoroke moto. Kipindi cha vita hivyo, cha mwaka 2012, Martin alikiandika mwenyewe. Mnyororo haumo. Kile kiti cha enzi cha panga, ambacho watu wamepiga selfi na nakala zake duniani kote, mwenyewe amesema si kile anachokiona kichwani. Cha kwake ni kikubwa mno, kibaya, kinatisha, na mfalme akikaa anawatazama watu kutoka juu kabisa. Hakingeingia studio.

Ukitaka kukiona kiti halisi, itabidi usome. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama.

Najua utaniambia nini. Utaniambia: sawa, lakini kama sinema inabana hivyo, kwa nini mzee huyo bado anaipenda mpaka ananunua jumba zima? Kwa sababu sinema na televisheni ndizo zilizomfunza kazi. Soma sura zake uone. Kila sura ina jina la mhusika mmoja, na unaona kila kitu kwa macho ya huyo mmoja tu, kama kamera iliyofungwa begani mwake. Na kila sura inaishia pabaya: mlango unafunguliwa, mtu anasukumwa dirishani, barua inasomwa, basi. Yeye mwenyewe amesema hilo alilitoa kwenye televisheni, ambako lazima ukate mahali pa moto kabla ya tangazo la biashara ili mtazamaji asiguse rimoti. Riwaya ikachukua ujanja wa runinga, ikaacha umaskini wake.

Kwa hivyo tazama muvi. Tazama nyingi. Ila zitazame kama fundi wa viatu anavyotazama viatu vya watu kwenye matatu. Wengine wanaona viatu. Yeye anaona mshono. Ukimaliza kipindi, kabla ya kubonyeza kinachofuata, jiulize: wamekata wapi, na kwa nini nataka kuendelea? Tulikuwa tukiona kwa macho ya nani? Ni jambo gani walilificha? Kisha chukua tukio moja uliandike bila kamera. Utagundua kwamba karatasi ina vitu ambavyo skrini haina. Kamera inaweza kukuonyesha mama akimngoja mwanawe kituoni Githurai saa tano usiku. Haiwezi kukupa harufu ya mahindi yaliyoungua na moshi wa dizeli, wala yale maneno ambayo mama anayarudia moyoni na hatawahi kuyasema kwa sauti. Sentensi moja inaweza.

Sisi Wakenya tunalijua hili tayari. DJ Afro ameteka mitaa na vijiji kwa kusimulia muvi za ng'ambo kwa Kiswahili na Sheng. Watu hawaendi kwa ajili ya picha peke yake. Picha hiyohiyo wangeipata kwingine. Wanaenda kwa sababu ya sauti ya msimulizi, maneno yake, utani wake. Huo ni ushahidi kwamba neno bado lina nguvu hapa kwetu, hata mbele ya skrini kubwa.

La pili utaniambia: hizo za majoka ni za wazungu, Kiswahili ni cha mitihani. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, riwaya ya nchi iliyo angani, ambako mtu mmoja anasimama mahakamani kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande zote za ulimwengu na mateso waliyoyapata waliporudi. Nchi nzima inayoelea hewani! Ni prodyuza gani wa Dar es Salaam au Nairobi wa miaka hiyo angeilipia? Mwaka 1995, hapa Kenya, Katama Mkangi alitoa Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa na kurushwa kwa chombo cha angani, anatua kwenye ulimwengu mwingine ambako watu wanaishi kwa haki. Na jina lenyewe ni fumbo: wale ni sisi. Mkangi hakuhitaji kibali cha kurekodi wala roketi. Alihitaji kalamu, na ujasiri wa mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali.

Filamu zetu nazo zimejaribu, na zinastahili heshima. Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye ambako maji yamekwisha. Ni filamu fupi, ya dakika ishirini na kitu. Likarion Wainaina alitoa Supa Modo mwaka 2018, ambapo kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Nazipenda zote mbili. Lakini waulize watengenezaji wa filamu wa hapa ni stori ngapi zimo kwenye madaftari yao zisizoweza kurekodiwa. Dunia ya Pumzi ingetosha riwaya ya kurasa mia nne. Ni nani kati yenu anayeandika ya namna hiyo kwa Kiswahili leo?

La tatu, na hili ni zito: riwaya hailipi. Ni kweli. Sitakudanganya. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya isiyo kwenye mtaala inapata shida kufika dukani. Ukiandika leo usitarajie kununua shamba Kitengela kesho. Ila piga hesabu za upande wa pili pia. Filamu isiyotengenezwa inalipa nini? Ile inayokaa kichwani mwako miaka saba inalipa nini? Riwaya isiyouza ni kitu unachoweza kumshikisha mtu mkononi, kama Martin alivyokuwa na The Armageddon Rag siku DeGuere alipokuwa akitafuta mwandishi. Wazo huwezi kumshikisha mtu. Wazo pia huibiwa kwenye meza ya kahawa, na hutakuwa na mahali pa kushtaki kwa sababu hukuliandika.

Mchagua jembe si mkulima. Anayengoja kamera ya maana ndipo aanze, atangoja hata akishaipata, kwa sababu baadaye atangoja lenzi, kisha taa, kisha fedha za waigizaji. Martin mwenyewe anaandika kwa programu ya kizamani iitwayo WordStar, kwenye kompyuta ya DOS isiyounganishwa na intaneti. Mwaka 2014 alilieleza hilo kwenye televisheni na watu wakacheka. Mashine hiyo haina mtandao wala arifa, na haimrekebishii majina yake ya ajabu. Ina herufi tu. Wewe una simu yenye nguvu kuliko mashine hiyo mara nyingi. Kinachokosekana ni nini hasa?

Lakini Mgala muue na haki yake mpe, na haki ya msomaji ni kuambiwa upande wa pili wa mzee huyu. Kitabu cha tano cha mfululizo wake kilitoka Julai 2011. Cha sita, The Winds of Winter, hadi ninapoandika haya, hakijatoka. Zaidi ya miaka kumi. Tamthilia ilimfikia, ikampita, na msimu wa sita mwaka 2016 ulianza kusimulia mambo ambayo vitabu vilikuwa havijayafikia. Watazamaji waliuona mwisho mwaka 2019 kabla mwandishi hajauandika wake. Katikati ametoa kitabu kingine kuhusu ukoo wa majoka, ameandika miswada ya vipindi, amekuwa prodyuza, ana jumba la sinema, anaalikwa kila mahali. Naye amekiri mara nyingi kwamba hawezi kuandika akiwa safarini. Huandikia nyumbani tu.

Wengine husema ni kwa sababu ya namna yake ya kuandika. Yeye hugawanya waandishi mafungu mawili: wasanifu majengo, wanaochora ramani yote kabla ya kuchimba msingi, na wakulima wa bustani, wanaopanda mbegu na kungoja kuona imeota nini. Anajiita mkulima. Bustani ikipanuka sana, kuipalilia ni kazi. Hilo nalikubali. Ila maoni yangu ni kwamba skrini nayo ina lawama. Skrini humpa mwandishi makofi ya haraka, watu chumbani, tarehe ya mwisho ya kazi na hundi. Daftari halikupi hata moja kati ya hayo. Mtu akizoea makofi, ukimya wa daftari unauma.

Hili linatuhusu sisi zaidi kuliko yeye. Martin angalau ana vitabu vitano nyuma yake. Kijana wa leo anapata makofi kabla ya kuandika hata sura moja: anaweka wazo lake TikTok, anapata "moto moto" mia mbili, moyo unatulia kana kwamba kazi imeisha. Kesho yake hana hamu tena. Ameshalipwa, kwa makofi. Usiisimulie stori yako kila mahali kabla hujaiandika. Iache ikusumbue. Hiyo njaa ndiyo itakayokuamsha alfajiri.

Basi tufanye hivi. Wiki hii nunua daftari la kurasa mia moja, lile la watoto wa shule. Usiandike "muswada wa filamu" juu yake. Chagua mhusika mmoja, mwangalie dunia kwa macho yake, na uandike ukurasa mmoja kila siku kabla ya kutazama kipindi chochote. Ukurasa kwanza, muvi baadaye. Daftari likijaa utakuwa na kurasa mia moja za kitu ambacho hakikuwepo duniani. Huenda zikawa mbaya. Kurasa mbaya zinarekebishika.

Ukifika mahali ukajikuta unapunguza, unasema "hapa nitaweka watu wawili tu, jeshi litakuwa ghali," simama. Jiulize ni nani aliyekutuma upunguze. Hakuna mtu wa hesabu ndani ya daftari. Kama stori yako inataka meli mia mbili zikitokea Pate usiku, zilete zote. Kama inataka Mlima Kenya ufunguke na kitu kitoke ndani, ufungue. Weka farasi, na mawe pia uyaweke.